Siku moja maishani mwangu: mtakwimu wa afya Pemba

Saa 11 alfajiri. Nikishasali nafungua kompyuta, kabla simu hazijaanza kulia. Mimi ni profesa wa takwimu za afya. Wiki hii niko Chake Chake na timu inayopima kichocho maskulini. Hesabu niliyoiacha usiku imeshatoka. Naipitia kwa chai na boflo.

Saa 2 asubuhi. Darasa kwa njia ya mtandao na wanafunzi walioko Unguja. Nawasomesha utafiti uliofanyika hapa hapa Pemba, wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki. Watoto 24,076 waliingizwa. Upungufu wa damu ulikuwa mwingi, na chuma kilitarajiwa kuwafaa. Lakini bodi ya usalama, iliyokuwa ikikagua data utafiti ukiendelea, ikaona waliopewa chuma wanalazwa na kufariki zaidi. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yakasimamishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2006: hatari ya kulazwa au kufariki ilipanda kwa asilimia 12. Daktari wodini hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho; kila mtoto amekuja na homa yake. Ilionekana kwa sababu watu waliandika kila mtoto, kila siku, na mwingine akakaa akajumlisha.

"Maalim, na waliohama katikati?" mwanafunzi ananiuliza. Namwambia hao tunaandika kwamba hatujui habari zao, wala hatuwahesabu kuwa wazima. Swali hilo nalipenda kuliko fomula yoyote.

Saa 5. Tuko skuli. Hatuji asubuhi mapema, maana mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo baina ya saa 4 na saa 8 mchana. Kijana wa maabara anavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, anazisukuma kwenye chujio, analiweka chini ya hadubini. "Maalim, njoo uchungulie." Naliona: yai refu, limechongoka, mwiba mmoja mkiani. Mayai 50 au zaidi ni maambukizi makali. Siku hizi mengi hivyo ni nadra, alhamdulillah; prazikwanteli, dawa ya kichocho, imegawiwa miaka mingi, na kuna mabwawa yaliyotiwa dawa ya kuua konokono wanaobeba vimelea vyake. Ila mayai yakiwa machache, kipimo kimoja huyakosa kwa urahisi. Kadiri ugonjwa unavyopungua, ndivyo kuuhesabu kunavyokuwa kugumu.

Saa 8 mchana. Napitia fomu. Naona vistari.

"Mwanangu, kistari hiki nini?"

"Huyo hakuja leo, Maalim."

"Na huyu?"

"Huyo alikuja, mkojo haukutoka."

"Na huyu wa juu?"

"Huyo tumempima, hana mayai."

Alama moja, mambo matatu. Programu ikivisoma vistari vyote kuwa sifuri, kichocho kitashuka kwenye ripoti na hakuna mtoto aliyetibiwa. Na aliyekosa skuli leo huenda ndiye aliyeko bondeni kwenye mpunga, miguu majini. Huyo ndiye niliyemfuata Pemba. Tunakaa chini ya mwembe, tunakubaliana: 0 ni aliyepimwa hana, H hakuja, M mkojo haukupatikana. Tunarudia fomu zote wakati kila mtu bado anakumbuka. Wali na mchuzi wa pweza tunaula alasiri, umeshapoa.

Saa 2 usiku. Naendesha hesabu upya. Makadirio yamepanuka, maana hatujui wangapi kati ya wasiopimwa wanaumwa: kiwango cha chini kinafurahisha, cha juu kinatisha. Mkuu wa mradi anapiga simu, anataka namba moja ya kuweka kwenye ripoti. Namtumia zote mbili, ya juu ikitangulia, na chini yake idadi ya watoto ambao hatujawapima. Tumezungumza kirefu, mwisho amekubali zibaki hivyo.

Kesho saa 4 timu inarudi skuli ileile na majina ya waliokosekana. Mwalimu wa afya amenijibu kwamba ameshapita kwa wazazi, na wawili wamesema watawaleta wenyewe.