Nilivyoshusha ruhusa za USDT baada ya kushauriwa upuuzi

Niliuliza kwenye kundi letu la kripto nitaondoaje ruhusa nilizowahi kuzipa tovuti zichote USDT yangu (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kutoka MetaMask, programu yangu ya waleti. Jamaa mmoja akanijibu kwa mbwembwe: "Kaka, tenganisha tu tovuti na MetaMask, mambo kwisha." Hayakwisha wala nini! Ukitenganisha, tovuti haioni tena anwani yako, basi. Ruhusa ya kuchota tokeni imeandikwa kwenye blokucheni, daftari la pamoja la mtandaoni, inabaki hata ukifuta programu kwenye simu. Mwingine akanisukumia waleti ya kifaa, kile kidude cha kutunzia funguo za siri. Pesa ndefu, na ukiingiza maneno yako ya siri yaleyale 12 anwani ni ileile, ruhusa zilezile.

Nikaingia Revoke.cash, tovuti ya kukagua na kufuta ruhusa (andika mwenyewe, usibofye tangazo, feki zimejaa) nikabandika anwani yangu. Kuna tovuti ya kubadilishia sarafu niliyoiacha kitambo, bado ina ruhusa ya USDT bila kikomo. Unabadilisha dola hamsini, wao wanajiombea kila USDT utakayowahi kuipata. Hiyo niliifuta papo hapo.

Kazi ilikuwa kwenye ile ninayoitumia bado. Nilitaka kuishusha hadi USDT 200. Muamala ukagoma. Nikaongeza gesi, yaani ada ya mtandao, ukagoma tena, na gesi ya muamala uliogoma hairudi, imeliwa. Kwenye kundi wakasema ni mtandao. Mtandao gani! Nikafungua msimbo wa kontrakti, yaani programu inayoendesha USDT, kwenye Etherscan (tovuti ya kuchungulia blokucheni ya Ethereum), nikasoma "approve", sehemu inayotoa ruhusa, mstari kwa mstari, na hapo nikacheka peke yangu: USDT ya Ethereum haikubali kuruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Unaweka sifuri kwanza, kisha kiwango kipya. Wamefanya makusudi, maana mjanja angeweza kuwahi kuchota kiwango cha zamani kabla badiliko halijaingia, halafu achote na kipya. Sifuri, subiri ithibitishwe, 200. Ikapita kilaini.

Uwe na ETH kidogo, sarafu ya Ethereum yenyewe, kwa kawaida USDT tupu hailipi gesi. Mimi huvizia wikiendi mtandao ukiwa umepoa, inatoka bei ya chai na chapati.

Siku hizi MetaMask ikileta kikomo cha ruhusa nafuta namba ya tovuti naandika yangu. Ninayoisoma mara mbili ni saini isiyodai gesi. Kwa USDC, sarafu nyingine ya dola, saini iitwayo Permit ni ruhusa kamili: unasaini bure, na aliyeishika anaipeleka mwenyewe kwenye blokucheni kwa gesi yake, saa anayotaka yeye kabla ya muda wa mwisho ulioandikwa kwenye saini.