Tulivyopunguza mizigo: siku nzima Animal Kingdom na bibi kutoka Tanga

Mwaka juzi tulipoenda Disney World, zile bustani kubwa za michezo kule Orlando, Florida, kwa mara ya kwanza nilibeba kama mtu anayehama. Sisi tunaishi Georgia, pembeni ya Atlanta, mpaka Orlando ni kama masaa saba kwa gari ukihesabu na watoto kushuka msalani, kwa hiyo nikajiambia gari ni letu, buti kubwa, tujaze tu. Ndo kosa lenyewe hapo, buti haliingii getini, kinachoingia ni mgongo wako.

Nilijaza pilau kwenye hotpoti, maji chupa kumi na mbili, mataulo ya kuogea, miavuli miwili ile mirefu, na viti vya kukunja vinne, maana huku kwenye mechi za mpira za watoto kila mzazi anakuja na kiti chake nikadhani na kule ni ivo ivo. Viti vikarudishwa pale pale sekyuriti, haviruhusiwi. Afadhali tu tulikuwa bado upande wa maegesho hatujapanda boti, maana Magic Kingdom, bustani tuliyoenda mwaka huo, unaacha gari ng'ambo afu unavushwa ziwa kwa boti au unapanda ile treni ya juu. Hotpoti wala haikukatazwa, chakula cha nyumbani wanaruhusu, ila sasa nani anaibeba? Baba watoto aliibeba mpaka saa tano asubuhi, akaitua chini ya mti, akaniangalia, hakusema kitu. Mwenye mume anajua huo ukimya.

Sasa Julai iliyopita mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, nikasema safari hii tunaenda Animal Kingdom, ile bustani yao yenye wanyama, na nitabeba kwa akili. Nilichagua pale kwa ajili yake. Kuna sehemu wameiita Africa, humo wamejenga kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kuta zimechakaa makusudi, wanasema mfano walichukua Lamu, na ukiangalia vizuri utakuta wameandika 1961 kama mwaka wa uhuru wa hicho kijiji. Tanganyika kabisa! Duka la vinywaji linaitwa Tamu Tamu, la kahawa linaitwa Kusafiri, baa inaitwa Dawa. Nilitaka tu nimuone mama anavyosoma yale mabango.

Siku mbili kabla nikamwaga kila kitu kitandani. Mwaka juzi nilikuwa nimejiuliza "tunaweza kuhitaji nini?", na hilo swali halina mwisho, unaweza kuhitaji hata nyundo. Safari hii nikaipanga siku yenyewe kichwani, asubuhi getini, safari ya wanyama, foleni, jua la mchana, mvua, kulowana, kurudi, na kila saa nikawa najiuliza hapo mkono wangu utakuwa unatafuta nini kwenye begi. Nikagundua kwenye mabembea na magari yao yale unakaa dakika chache tu, siku nzima iliyobaki ni kutembea na kusimama foleni. Kwa hiyo unabeba vitu vya foleni na vya miguu, basi.

Miguu kwanza. Simu yangu siku hiyo ilihesabu hatua elfu kumi na tisa na kitu. Mama alikuwa amekuja na viatu vipya vyeupe alivyonunuliwa na mdogo wangu, anataka avivalie picha, nikamwambia mama hivyo vibaki hotelini, vaa raba zako za zamani. Akanuna kidogo. Nikaweka soksi za ziada pea moja kwa kila mtu, kichupa kidogo cha vaselini cha kupaka vidoleni na mapajani (walionenepa wenzangu mnanielewa) na plasta tatu tu. Dawa za maumivu sikubeba rundo kwa sababu kila bustani yao ina kituo cha huduma ya kwanza, plasta na vidonge vya kichwa wanakupa bure. Ila vidonge vya presha vya mama viliingia kwenye kibegi cha kiunoni, changu mimi, sio cha mtu mwingine. Hicho sikukifungua kwa mjadala.

Maji ndo nilipunguza kuliko vyote. Kwenye vibanda vyao vya chakula ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bure, foleni ni ile ile ya wanaonunua lakini hulipi, kwa hiyo nilibeba chupa mbili tupu za kujazia na moja ndogo yenye mfuniko ya kitinda mimba. Hiyo yenye mfuniko ni muhimu maana Animal Kingdom mrija wa plastiki hawatoi, wanahofia ukidondoka utaliwa na mnyama, na mtoto wa miaka miwili na kikombe wazi si unajua mwenyewe. Tatizo la maji ya Florida ni ladha. Mama alionja akasema "haya ya kisima kilichofukiwa". Nikatoa pakiti za unga wa limao nilizochukua nyumbani, zile nyembamba kama kalamu, akanywa. Pakiti sita, uzito wake sawa na bure.

Sasa mama na mzigo wake. Usiku ule nilipomaliza kupanga najipongeza, nikaingia chumbani kwake nikakuta naye amefunga begi lake. Kafunga maandazi, chapati zimeviringishwa kwenye karatasi ya foili, thermosi ya chai ya tangawizi, khanga tatu, Vicks, tasbihi, pasipoti, na chupa ya achari ya embe aliyoibeba tangu Tanga. Nikamwambia mama, pasipoti tuipige picha kwenye simu yenyewe ibaki hotelini, akaniambia "mwanangu, pasipoti haikai kwenye simu." Ikabaki kwake. Thermosi tukabishana. Mi nikasema Julai Florida nje ni jasho la kukamua nguo, chai ya nini, na yeye akasema chai ndo inaondoa joto. Mwisho baba watoto akaingilia kati, akasema "mama, nitakubebea mimi hiyo chai", yaani yule yule wa hotpoti! Wanaume kwa mama wakwe, acha tu.

Khanga nilizikataa kwa sauti. Khanga tatu za nini, Disney? Akazikunja ndogo ndogo akazisukuma chini ya maandazi, hakunijibu.

Asubuhi tukafika mapema, hiyo ni lazima, wanyama wanaonekana vizuri kabla jua halijakolea. Getini mambo mawili. La kwanza, mtoto wa kati alikuwa ametimiza miaka sita siku hiyo na hotelini alikuwa amepewa puto, akalishika mpaka mlangoni, na Animal Kingdom maputo hayaingii, sababu ni wanyama tena, likipasuka au likiruka ni hatari kwao. Hilo nilikuwa nalijua, nililisoma kabisa, afu nikasahau, mtu unakumbuka waipsi unasahau puto. Alilia mpaka watu wakageuka. La pili ni achari. Chupa za glasi haziruhusiwi, labda zile ndogo za chakula cha mtoto mchanga. Mlinzi akaitoa, akaigeuza, akauliza kwa upole ni nini. Mama akamjibu kwa Kiswahili, "embe". Nikamtafsiria. Akasema itupwe au irudishwe garini, na mama akaniangalia kwa macho ya kwamba ikitupwa hiyo chupa na yeye harudi nyumbani kwangu. Baba watoto akaichukua, akachukua na puto, akaanza safari ya kurudi maegesho, achari mkono huu puto mkono huu. Nilimpiga picha kwa nyuma. Ni picha yangu bora ya safari nzima.

Kigari cha mtoto tulienda na chetu cha kukunja, chepesi. Wana kipimo, upana usizidi inchi 31 na urefu inchi 52, na yale mabehewa ya kukokota watoto hawayataki kabisa. Ila mwaka juzi sikujua kwamba unakiacha sehemu maalumu ya vigari unaingia kuangalia kitu, ukitoka unakuta wafanyakazi wamevipanga upya, na vyote ni vyeusi au vya kijivu, mamia. Tulitafuta chetu dakika ishirini. Safari hii mama alichana ukingo wa kitenge chakavu akafunga fundo kwenye mpini, chekundu na njano, unakiona toka mbali kama bendera ya chama.

Safari yenyewe wanaiita Kilimanjaro Safaris, mnapakiwa kwenye lori wazi mnazungushwa kama dakika kumi na nane hivi. Barabara imetengenezwa kwa makusudi iwe mbovu, lori linaruka, kwa hiyo vitu vyote vya mfukoni vikae kwenye begi lenye zipu na begi likae kati ya miguu. Dereva akatusalimia "Jambo!" watu wote wakaitikia "Jambo!" mama peke yake akaitikia "Sijambo mwanangu, hujambo wewe?" kwa sauti. Mama aliwafurahia twiga. Mibuyu akaikagua akasema hii ni ya saruji, na kweli mingi yao ni ya kujengwa. Simba alikuwa amelala juu ya jiwe. Tulipopita kwenye njia ya masokwe nikamwambia mama zamani hii njia waliwahi kuiita Pangani Forest, akacheka akasema Pangani gani yenye sokwe, sisi tuna minazi na mkonge.

Halafu jua likaja. Saa sita mpaka saa tisa ndo masaa ambayo begi lako linakuhukumu. Mafuta ya kuzuia jua nilibeba ya kupaka kama stiki, ya maji maji mwaka juzi yalimwagika yote ndani. Kofia kila mtu kichwani kwake. Feni ndogo ya betri, niliona watu wengi wanayo, niliinunua, ilikufa saa saba, hela imeenda. Mtoto akasinzia kwenye kigari, kijua kinampiga usoni, natafuta cha kumfunika, taulo nimeacha. Mama hakusema neno. Akachomoa khanga ya kwanza, akaifunga toka mpini mpaka mbele, kikawa chandarua.

Mvua ya Florida kiangazi inakuja mchana mchana kama mtu mwenye ratiba. Miavuli sikubeba, nilinunua makoti ya plastiki ya dola moja na senti ishirini na tano kila moja kabla hatujatoka Georgia, ukiyakunja yanakuwa kama pakiti ya tishu, ndani ya bustani bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Miavuli kwenye umati inachoma watu macho tu. Mvua ilipiga karibu nusu saa, na radi zikianza vitu vya nje vinasimamishwa, kwa hiyo hapo ndo maandazi yalifanya kazi. Tumekaa chini ya kipaa na watu kibao, wote wana njaa, sisi tunakula maandazi na chai ya tangawizi ya moto, na nitasema ukweli, nilikunywa vikombe viwili.

Kali River Rapids ni boti la mviringo linaloshuka mto, na jina nadhani ni la Kihindi, mungu wao, ila mi nalisoma Kiswahili na linafaa. Unalowa. Hapo katikati ya boti kuna sehemu ya kuweka mabegi yenye kifuniko lakini usiiamini. Simu, pawabenki na pasipoti ya mama niliziweka kwenye mifuko ya zipu ya jikoni, na mama akabaki nje na kitinda mimba na vitu vyote maana mtoto asiyefika urefu wa inchi 38 haruhusiwi kupanda. Tulitoka tunachuruzika. Soksi kavu zile! Kama kuna kitu kimoja nilijisifia siku hiyo ni soksi. Ila nguo za mtoto wa kati za kubadili nilikuwa nimebeba fulana bila suruali, sijui nilikuwa nawaza nini. Khanga ya pili, akafungwa kiunoni kama mvuvi, akatembea nayo mpaka jioni, kasahau na puto.

Ya tatu tuliitandika chini tukapumzika miguu tukisubiri mkubwa na baba yake watoke Expedition Everest, ile treni yao ya kasi ya mlimani. Mama akasoma maandishi ya khanga yake kimya kimya, akanitazama, akaendelea kula chapati. Sikuuliza.

Pawabenki ilikuwa moja na ingetakiwa mbili, ile apu yao inakula chaji vibaya, tiketi humo, muda wa foleni humo, kuagiza chakula humo. Pampasi nilibeba nne zikatosha, kuna sehemu maalumu ya watoto wachanga yenye meza za kubadilishia na hata maikrowevu. Sweta nilibeba moja halikuguswa, Animal Kingdom wanafunga mapema na fataki hawapigi kwa sababu ya wanyama, kwa hiyo huna usiku wa kuuandalia.

Tulifika kwenye gari saa moja na nusu jioni. Puto lilikuwa limelegea kwenye kiti cha nyuma. Mama akafungua achari yake, chapati zilikuwa zimebaki mbili, tukasimama pale maegesho tumezunguka buti, na hapo ndo tukagundua hatuna kijiko hata kimoja.