Siku printa ya ami ilipopandwa

Kila niliyemuuliza nianzeje kujifunza ulinzi wa mitandao alinijibu kwa pesa. Mmoja aliniambia bila seva ya milioni tano nisijisumbue. Haya, mimi hapa Chake Chake nimejenga uwanja wa mazoezi kwenye laptopu kuukuu ya RAM GB 8: VirtualBox ya bure, programu inayoendesha kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu, na humo Kali ya kushambulia, Metasploitable 2 ya kushambuliwa. Hii ya mwisho imetengenezwa mbovu makusudi, na skrini yake yenyewe inaonya usiiweke kwenye mtandao usiouamini.

Nilisoma? Wapi! Mjuzi mmoja alishanambia niweke mtandao wa daraja, eti ndio rahisi. Nikaweka, nimekaa kwenye duka la fotokopi la ami, kwa waifai yake. Ile mbovu ikapewa anwani na ruta ya duka kama mteja mwengine yeyote. Kisha kwa uroho nikaiamrisha Nmap, programu inayobisha kwa kutuma maneno kwenye milango (port) ya mashine ijue nyuma yake kuna huduma gani, ipekue mtandao mzima, isiruke mlango hata mmoja.

Sasa, mlango 9100 ni wa printa. Ukiipelekea neno lolote huko, inachapisha. Ndiyo maana Nmap ikitambua huduma huuruka wenyewe. Mimi ndiye niliyeikataza. Ikatoka karatasi yenye "GET / HTTP/1.0" juu, chini tupu. Ikafuata ya herufi zisizosomeka, ikafuata nyengine. Mama aliyeleta cheti cha kuzaliwa akakichukua cheti chake akasogea mlangoni. Ami akachomoa waya, akachomeka, ikaanza tena. "Mwanangu, mashine hii imepandwa!" Nami nakodolea laptopu, nafurahi nimepata mlango ulio wazi.

Nilimlipa rimu nzima, elfu kumi na kitu. Tangu hapo mashine zangu zinaonana zenyewe kwa zenyewe na waifai nazima. Kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata ukiwa mwanafunzi.

Baadaye nikapangia zahanati moja mtandao. Kwangu nakala za akiba zilimalizika kabla chai haijapoa, kule zilikesha. Uwanja wangu ulikuwa msafi mno! Siku hizi naupaka uchafu wa kwetu: kwa tc, amri ya Linux ya kuongoza mwendo wa mtandao, nachelewesha pakiti milisekunde 200 na kupoteza tano katika kila mia, na mashine naizima ghafla katikati ya kazi, kama umeme unavyotufanya. Snapshoti, yaani nakala ya hali ya mashine ya kurudia ikiharibika, napiga kabla.

Nywila ya waifai ya dukani imebadilishwa. Mpya sijaambiwa.