Murtadi wa kitabuni na murtadi wa mtaani

Lamu, Ijumaa, baada ya Isha

Muulize mzee yeyote barazani Langoni hukumu ya murtadi, yaani Mwislamu aliyeiacha dini yake, atakujibu kama alivyosomeshwa: atakwe kutubu, akikataa auawe. Kisha muulize kama kijana wa jirani aliyehamia kanisani Malindi apigwe hata kofi, atakutazama kama uliyepotewa na akili. Hayo ni maswali mawili. Wanaopima maoni ya Waislamu huuliza la kwanza, wakadhani wamejibiwa la pili.

Chukua ripoti ya 2013 ya Pew Research Center, taasisi ya Marekani ya kupima maoni ya watu, ambayo kila mtu huinukuu: Misri, asilimia 86 wanataka murtadi auawe. Namba ni sahihi, ila imekatwa kichwa. Swali waliulizwa wale tu waliotaka sharia iwe sheria ya nchi, nao Misri walikuwa asilimia 74. Zidisha 0.74 kwa 0.86, inabaki kama asilimia 64 ya Waislamu wote. Bado ni wengi, sipambi. Lakini endelea na hesabu. Malaysia, 86 kwa 62, unapata 53. Indonesia, 72 kwa 18, unapata 13. Nchi hizi mbili ni za madhehebu ya Shafi kama sisi, wanasoma Minhaj ile ile, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, na tofauti yao ni mara nne! Basi kitabu peke yake hakielezi jambo hili.

Kwa maoni yangu kinachoeleza zaidi ni mkono wa serikali. Malaysia dini ya Mwislamu imeandikwa kwenye kitambulisho chake. Lina Joy, mwanamke aliyetoka Uislamu akawa Mkristo, alitaka neno hilo lifutwe, na Mei 2007 Mahakama ya Shirikisho ikamkatalia: alete kwanza cheti cha mahakama ya sharia kwamba ametoka. Nchi ikishika daftari la imani za watu, kutoka kwa mtu mmoja kunakuwa kesi ya taifa. Kitambulisho cha Kenya hakina safu ya dini.

Na hicho kitabu chenyewe kina masharti ambayo wapiga kelele huyaruka. Murtadi awe baligh, mwenye akili, aliyetamka kwa hiari; aliyelazimishwa hahesabiwi, kwa aya ya 106 ya Suratun Nahl. Kumtaka atubu ni wajibu. Hukumu ni ya imamu, yaani mtawala, au naibu wake, na raia aliyejichukulia panga anastahili kuadhibiwa yeye. Nje ya Shafi, watu wa madhehebu ya Hanafi hawamuui mwanamke. Wanazuoni wa kale Ibrahim an-Nakhai na Sufyan ath-Thawri wamenukuliwa wakisema murtadi hutakwa kutubu maisha yake yote, na hapo, ukifikiri, upanga hautoki alani.

Huku kwetu hakuna kosa la kuritadi katika sheria za jinai. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali. Cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa imani. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170, husikiza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, tena pande zote ziwe za Waislamu na zikubali kusikizwa hapo.

Kwa hiyo Lamu murtadi haogopi upanga. Anachokutana nacho ni ndoa na mirathi. Kwa Shafi, mume akitoka katika dini baada ya kuingiliana na mkewe, ndoa husimama ikingoja eda: akirudi ndani ya eda, ndoa ipo, eda ikiisha, imevunjika tangu siku aliyotoka. Kabla ya kuingiliana, huvunjika papo hapo.

Mirathi ndiko watu wanakoumia. Mtoto aliyetoka harithi kwa babake Mwislamu. Wengi hudhani akikataa kwa kadhi na kwenda Mahakama Kuu ameokoka. La. Sheria ya Urithi, sura ya 160, kifungu cha 2, humtazama marehemu: akifa Mwislamu, mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, popote kesi itakaposikizwa. Mtoto atabaki na hoja ya Katiba, nayo ni safari ndefu ya mawakili.

Baba anayemtakia mwanawe heri ana njia, na ajabu imo mule mule ndani ya Minhaj, mlango wa wasia: wasia kwa murtadi ni sahihi, kwa kauli yenye nguvu. Kwa kuwa harithi, yeye si mrithi, basi anaweza kuusiwa hadi theluthi ya kinachobaki baada ya maziko na madeni. Ikizidi theluthi, warithi waridhie. Kosa la kawaida ni kuandika “mwanangu apate fungu lake”. Fungu hana, na wasia wa namna hiyo unazua ugomvi. Andika kitu au kiasi: minazi ile, au sehemu ya sita ya mali, mbele ya mashahidi wawili Waislamu waadilifu.

Hiba, yaani zawadi, nayo yafaa baba akiwa mzima, bila kikomo cha theluthi, ila haitimii mpaka ikabidhiwe. Nyumba “aliyopewa” kwa maneno sebuleni, funguo bado kwa baba na hati bado kwa jina lake, baba akifa shauri linakuwa la warithi, wakitaka watoe, wakitaka wazuie.