Migebuka saba wa chuma mbele ya baraza

Sanamu ya chuma iliyowekwa bustanini hapa Kigoma haiharibiwi sana na mvua inayoipiga. Inaharibiwa na maji yanayobaki baada ya mvua kukatika: ndani ya tumbo la samaki, kwenye mkunjo wa pezi, kwenye kisigino cha nondo iliyofukiwa udongoni. Kwa hiyo humu chini maji yatatajwa mara nyingi. Kazi yenyewe ni kundi la migebuka saba, samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaoogelea juu ya nondo, kazi ambayo mtu mwenye nyumba huagiza kwa ajili ya bustani inayotazamana na baraza.

Kwanza umbo. Mafundi wengi wakiambiwa wachore samaki wanachora ngege, mpana wa mwili na mviringo. Mgebuka si hivyo. Ni mwembamba na mrefu, taya la chini limetangulia kidogo mbele ya la juu, pezi la mgongoni lina sehemu mbili, ya mbele ikiwa na miiba, na mkia wake umegawanyika. Usichore kwa kukumbuka. Nunua mgebuka mzima pale Kibirizi, mlaze kwenye karatasi ngumu, zungusha penseli, halafu kuza mchoro mpaka urefu ufike sentimita 60. Kimo cha mwili kiwe kama 14. Samaki wa saizi yake ya kweli, ukimtazama toka baraza iliyo hatua kumi, hupotea kwenye majani.

Kabla ya kukata chochote, kaa kwenye kiti ambacho mwenye nyumba hukalia jioni, utazame bustani kutokea pale. Jua linazama upande wa ziwa, na samaki wakipangwa ubavu ukielekea magharibi, mwanga wa saa kumi na moja unawateleza mwili mzima. Mpangilio wa umbali sawa unaua kazi. Kundi la samaki halijipangi kama vigingi vya uzio. Chora nafasi zao kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, wawili wakaribiane, mmoja abaki nyuma, wote wakielekea upande mmoja lakini pua zikipishana nyuzi tano hadi kumi, huyu juu, huyu chini. Mchoro huo upige picha na mteja aukubali kwa maandishi, pamoja na vipimo, rangi, nani anamwaga zege, na nani atarudi kupaka rangi mwaka wa pili. Malipo ya kwanza yatoshe kununua vifaa vyote. Bila hivyo karakana inakuwa imemkopesha mteja.

Vifaa si vingi. Shiti moja nyeusi ya geji 18, yaani unene wa milimita 1.2, futi nne kwa nane, ambayo ina uzito wa kilo 28 hivi. Inatosha pande 14 za samaki na mapezi yao, na vipande vinabaki. Nondo laini ya mm 12 kwa samaki watatu wa chini, na ya mm 16 kwa wanne wa juu. Hapa wengi wanabana matumizi, na sanamu inainama. Samaki mwenye ubavu wa sentimita 60 ni tanga dogo: upepo mkali wa dhoruba ukimpiga akiwa mita mbili juu, nondo ya mm 12 inafika karibu na kiwango ambacho chuma kikipinda hakirudi. Ya mm 16 ina nguvu zaidi ya mara mbili kwa sababu uwezo wa kupinga kupinda hukua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Kanuni rahisi: zaidi ya mita moja na nusu, tumia 16. Nondo laini inafaa kuliko yenye mbavu, kwani mbavu zinamkumbusha kila mtu nguzo ya ghorofa. Ongeza nondo ya mm 8 kwa ajili ya uti wa mgongo na pleti ya mm 6 ya kitako, sentimita 60 kwa 25.

Shiti ikatwe kwa grenda yenye diski nyembamba ya kukatia, ukiacha milimita tatu nje ya mstari, kisha umalize kwa tupa. Halafu ipewe tumbo. Shona mfuko wa nguo ya jinsi, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa hadi robo tatu, uulaze juu ya gogo la mwembe. Nyundo iwe na kichwa cha mviringo. Anza pembeni, zunguka kuelekea katikati, kila pigo likigusa la jirani yake, mpaka katikati ishuke sentimita mbili na nusu. Ukingo utaanza kukunjamana. Mkunjo huo ulainishe hapo hapo juu ya ubao mgumu. Ukiuachia ujilalie, chuma kitapasuka pale pale. Na ukisikia sauti ya nyundo imebadilika, imekuwa kali na chuma hakishuki tena, kimekakamaa kwa mapigo. Kitie motoni hadi kiwe chekundu, kizike kwenye majivu kipoe polepole, kisha uendelee.

Magamba usiyachomelee moja moja. Magamba ya mgebuka ni madogo, hayaonekani hata kwa mtu aliyesimama mita tatu, na kila gamba la chuma ni mfuko wa maji. Alama za nyundo zenyewe, zikisuguliwa kidogo kwa msasa kutoka kichwani kwenda mkiani, zinang'aa kama ngozi ya samaki aliyetoka kwenye wavu.

Uti wa mgongo unaingia sasa. Kata nondo ya mm 8, ipinde ifuate mgongo, ichomelee ndani ya ubavu mmoja sehemu tatu. Nondo ya kusimamia samaki ipite tumboni hadi ishike uti huo. Ukiichomelea kwenye ngozi ya tumbo peke yake, ngozi ya milimita 1.2 itachanika kwa kutikiswa na upepo, na itachanika bila kukupa dalili yoyote. Mahali pa kuingiza nondo pasikisiwe: fungia pande mbili pamoja kwa waya, mtundike samaki kwa uzi, usogeze uzi hadi akae sawa. Hapo ndipo nondo ipite.

Kuunganisha pande mbili ndiko kunakowashinda mafundi waliozoea mageti. Tumia vijiti vya kuchomelea vya mm 2, moto wa ampia 40 hadi 55. Ukiwa na vya mm 2.5 tu, shuka karibu na 60 na uende haraka. Usivute mstari mrefu. Shikiza nukta ya sentimita moja, ruka nne, nenda upande wa pili wa samaki, rudi. Chuma kikipashwa sehemu moja kwa muda mrefu kinavutika, na mgebuka anatoka amepinda kama ndizi. Tundu likitokea, sababu huwa ni mbili: moto mwingi, au kijiti kimeinuliwa mbali na kazi. Weka kipande cha shaba nyuma ya tundu na uzibe kwa nukta fupi fupi. Na ikiwa kijiti kinaganda kila mara, hasa saa za jioni, pima umeme unaoingia kwenye mashine kabla ya kulaumu kijiti.

Mapezi ni membamba, naona bora yashikwe kwa ribiti. Msumari wa mm 4 ukatwe, upite kwenye matundu mawili, kichwa cha pili kifuliwe kwa nyundo. Hakuna joto, hakuna kupinda. Kigoma inaijua kazi ya ribiti vizuri: meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa hapa vipande vipande, iliunganishwa kwa ribiti.

Kwa macho, usitumie gololi za beringi ingawa zinapendeza. Chuma chake ni kigumu na kina kaboni nyingi, kiungo cha kuchomelea kinakuwa kama kioo na jicho linadondoka lenyewe. Nati iliyolala juu ya wosha inatosha, na ina kivuli kizuri katikati. Tahadhari hiyo hiyo ni kwa springi za gari: zikichomelewa zikiwa baridi na kupozwa ghafla, zinapasuka pembeni ya kiungo.

Neno kuhusu vyuma chakavu. Bati au bomba lenye zinki likichomelewa hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni yake unapata homa na kutetemeka, na wengi wanakimbilia dawa ya malaria. Kunywa maziwa hakuuondoi moshi kwenye mapafu. Kinga ni kuikwangua zinki kwanza na kufanya kazi penye upepo. Pipa lililowahi kuwa na mafuta, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, lisiguswe na grenda kabla ya kuoshwa na kujazwa maji, maana mvuke uliobaki hulipuka.

Sasa maji. Samaki aliyechomelewa kwa vijiti hazibiki kabisa, haidhuru fundi ni nani. Unyevu utaingia, usiku utageuka matone. Msimamishe samaki jinsi atakavyokaa, tazama ni wapi palipo chini kabisa, toboa tundu la mm 6. Pua ikiwa juu, tundu linakuwa karibu na mkia. Pua ikiwa chini, linakuwa kwenye taya. Kupitia tundu hilo ingiza, kwa bomba kubwa la sindano la dukani, mililita 40 hivi za rangi ya kuzuia kutu iliyolainishwa kwa tina. Mzungushe pande zote, mwache achuruzike. Tumbo limepakwa.

Nje, pleti ya kitako ina ngozi ya kijivu iliyotoka nayo kiwandani. Rangi haishiki chuma pale, inashika ngozi, na ngozi hubanduka. Iondoe kwa grenda. Shiti ifutwe mafuta kwa tina, kisha mikono mitupu isiiguse tena. Paka mara mbili ile nyekundu mafundi wanayoiita redi oksaidi, halafu rangi ya mafuta ya silva mara mbili, ya mwisho ikifutwa kidogo kwa kitambaa ili giza libaki kwenye alama za nyundo. Lita moja ya kila rangi inatosha na kubaki. Usipake saa nane mchana chuma kikiunguza, itafanya mapovu. Wala alfajiri penye umande.

Wateja wengine wanataka kutu iachwe ionekane. Kuna chuma ambacho kutu yake hukaza na kukilinda, chenye shaba na kromiamu kidogo ndani yake, lakini shiti ya kawaida ya dukani sicho. Itaendelea kuliwa hadi itoboke. Anayeipenda rangi ya kutu apewe pleti ya milimita tatu au zaidi. Mawese nayo usiyapake: hayakauki, yananata, yanakusanya vumbi na sisimizi. Nta ya nyuki kutoka Tabora, ikipakwa kwenye chuma chenye joto, inafaa kazi ya ndani ya nyumba tu.

Zege la kitako liwe na urefu wa sentimita 80, upana 40 na kina 40, kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa saruji unatosha. Bolti nne za mm 12 zisimikwe likiwa bichi. Uso wa zege ulale kidogo ili maji yakimbie, na uwe sentimita tano juu ya udongo. Lifunike na ulimwagilie siku saba. Nondo zipite kwenye matundu ya pleti na zichomelewe juu na chini. Kiungo cha juu peke yake hupata ufa kwa mtikisiko wa kila siku. Pleti ikalie nati, isilale juu ya zege, hewa ipite chini yake.

Vipande vilivyobaki vinatoa dagaa, urefu wa sentimita nane, kwenye nondo za mm 6. Mgebuka huwawinda dagaa, kwa hiyo waweke mbele ya kundi, wengi na wamebanana, wakigeuka upande mmoja.

Kila Oktoba, kabla mvua hazijashika, pitisha waya kwenye matundu ya matumbo yote saba. Nyigu huyaziba kwa tope, na samaki aliyezibwa hujaa maji kimya kimya hadi Mei.