Nilivyomtengenezea Bi Tatu kichwa cha makaratasi

Watu wakisikia nachora vibonzo wanadhani shughuli yote ni kupata wazo la kuchekesha, lakini mawazo mji huu hayaishi aisee, panda daladala ya Segerea asubuhi na mapema ukae kimya tu usikilize, utashuka na vibonzo vya wiki nzima. Shughuli yenyewe iko kwenye kumchora mtu yule yule kila siku ya Mungu, na msomaji amtambue akiwa amekaa, anakimbia, amegeuka mgongo, kainama kwenye sufuria, tena kwenye kiboksi ambacho ukifika kwenye simu ya mtu kinakuwa na ukubwa wa kiberiti. Hapo ndo nilipohangaika muda mrefu, na nimepata njia ambayo mpaka leo naitumia, ngoja niielezee vizuri maana najua kuna vijana wengi wanachora na wanakwama hapo hapo.

Mhusika wangu anaitwa Bi Tatu, mama ntilie wa Tabata, mfupi mnene, ana mwanya, pua pana na kilemba kikubwa ambacho fundo lake limekaa mbele upande wa kushoto. Kumchora uso kwa uso ni raha tupu, mkono unaenda wenyewe. Akigeuka ndo kazi. Fundo unaliweka wapi akiwa wa ubavu wa kulia? Shavu linaishia wapi akiangalia chini? Nikichora boksi tatu, la kwanza ni Bi Tatu, la pili ni mtu anayefanana naye, la tatu yani dada yangu ananiuliza huyu mgeni katokea wapi. Na kwenye vibonzo msomaji akishaanza kujiuliza nani anaongea basi utani umeshakufa, harudi nyuma kuutafuta.

Sasa mi nimekulia kwenye Sani, lile gazeti la vibonzo. Kaka yangu alikuwa analeta nyumbani limeshasomwa na mtaa mzima, kurasa za mwanzo zimeshanyofoka, tunagombania hivyo hivyo. Kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, hao watu ulikuwa unawajua kwa mwendo, unamwona mtu kwa mbali kwenye kona ya picha hata macho hayajachorwa unajua huyu Lodi Lofa. Kipanya, yule panya wa katuni za Masoud, vile vile, anaweza kuwa mdogo kabisa pembeni ya picha lakini jicho lako linaenda kwake. Nilipokuja kukua nikawa mtu wa anime, zile katuni za video za Kijapani, mpwa wangu ananijazia flashi, na kwenye One Piece nikaona kitu kile kile kimefanywa kwa ukubwa wa kutisha. Mchoraji wake Oda anaichora kwenye vitabu tangu 1997, wahusika wako mamia kwa mamia, na ukimpaka kila mmoja wino mweusi ubaki na kivuli chake tu bado unamtambua, Luffy kwa kofia, Chopper kwa pembe, Brook kwa nywele na ule urefu wake. Nikafanya hilo jaribio kwa Bi Tatu, nikampaka weusi mtupu. Wa mbele alikuwa safi, wa ubavu hakuwa mtu yeyote.

Wazo la kichwa lilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni Toriyama, yule Mjapani aliyeanza kuchora Dragon Ball mwaka 1984, Mungu alimchukua Machi 2024 na siku niliyosikia nilichora Goku, mhusika wake mkuu, ukurasa mzima bila kumuonyesha mtu. Toriyama alikuwa mpenzi mkubwa wa zile modeli za plastiki za kuunganisha, magari, pikipiki, vifaru. Ukizitazama pikipiki na magari yake kwenye kurasa unaona kabisa huyu mtu alishawahi kukishika hiki kitu akakigeuza geuza mkononi. Ya pili ni Gado, mchora katuni za siasa. Huyu ni wa kwetu, mzaliwa wa Dar, kaenda Nairobi akaanza na gazeti la Nation mwaka 1992, halafu 2009 akaja na The XYZ Show, zile sura za wanasiasa alizokuwa anazichora kwenye karatasi zikawa vikaragosi vya mpira vinaongea kwenye tivii. Mi nilikuwa naangalia vile vikaragosi nasahau hata wanachosema, naangalia pua. Pua ya kwenye karatasi ni mstari mmoja tu, ila ile pua pale ina ubavu, ina chini, ina kivuli chake. Nikasema basi na Bi Tatu apate ubavu.

Mpira sina na sijui hata pa kuanzia, nikatumia kinachopatikana. Puto la kawaida la sherehe unalipuliza mpaka likaribie ukubwa wa kichwa cha mtoto, magazeti ya zamani unayachana kwa mkono vipande vyembamba, usikate kwa mkasi maana ukingo wa mkasi unaacha mstari ambao hata rangi haiufichi, ukingo wa kuchana unajilaza wenyewe. Gundi ni unga wa ngano na maji, unapika mpaka iwe uji mwepesi usio na madonge, unaacha ipoe. Ikiwa ni masika gundi hii inaota ukungu kabla haijakauka, dawa yake ni matone machache ya mafuta ya karafuu, nilifundishwa na fundi mmoja wa Unguja anayetengeneza mapambo ya harusi, na nyumba inanukia vizuri juu yake. Tabaka la kwanza tumia gazeti, la pili tumia karatasi nyeupe ya A4, la tatu gazeti tena, hivyo unaona kwa macho wapi umeshapita na wapi bado, la sivyo upande mmoja unakuwa mnene na mwingine unabonyea. Na kila tabaka likauke kwanza. Usiharakishe hapa, puto linasinyaa usiku baridi ikija na kama karatasi bado mbichi kichwa kizima kinaingia ndani.

Pua, mashavu na midomo nilitumia trei za mayai. Zile za karatasi unaziloweka usiku kucha, asubuhi unaziponda na kuzikamua, unachanganya na ile gundi yako, unapata udongo mzuri sana wa kufinyanga, mwepesi, unashika popote. Hapo ndo nilipomjua Bi Tatu. Miaka yote namchora sikuwahi kuamua kama shavu lake linaanzia chini ya jicho au pembeni ya pua, kwenye karatasi unaweza kukwepa, unapiga mstari mmoja wa mviringo na mambo yameisha, lakini trei la mayai halikubali kukwepwa, lazima uweke nyama mahali fulani. Nikamuweka nyama juu, karibu na jicho, ndo maana akicheka macho yanafinya. Lile jambo nilikuwa nalichora bila kujua linatoka wapi.

Nikakianika kwenye kamba ya nguo uani ili upepo ukizunguke. Mama karudi sokoni, kasimama na kapu mkononi.

"We baba, hicho kichwa cha nani umekitundika kwenye kamba yangu?"

"Shikamoo mama. Cha Bi Tatu."

"Marahaba. Yule wa gazetini?" Akasogea, akakizunguka polepole, akagusa kisogo. "Sasa kilemba atafungaje na kisogo hiki kimepigwa pasi? Mtie kisogo mwanangu, mwanamke kilemba kinashikwa na kisogo."

Nikaongeza kisogo. Kilikuwa hakipo kweli, puto liko duara tu, na hilo ndo lilikuwa jibu la swali langu la fundo. Mama mwenyewe ndo aliyekifunga kile kilemba, alichukua kipande cha kanga kuukuu, akakikunja, akakipitisha nyuma chini ya kisogo, akakivuta mbele, akakifunga na kuchomeka ncha ndani, haraka haraka nikamuomba arudie nimrekodi kwa simu. Kumbe mikunjo yote inaelekea kwenye fundo. Ukijua hivyo huhitaji kuliona fundo, hata Bi Tatu akiwa wa upande wa kulia ambako fundo halionekani, mikunjo inamwambia msomaji fundo liko kule. Mistari mitatu tu imepinda kuelekea mbele, imetosha.

Kuhusu rangi, nilitaka kupaka zile za mafuta zinazong'aa, napenda sana michoro ya Tingatinga, yule mzee Edward Said Tingatinga alianza kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi na mpaka leo wanafunzi wa wanafunzi wake pale Oysterbay wanaendelea na huo mng'ao. Lakini kwa kazi yangu mng'ao unaharibu, unavuruga vivuli, kwahiyo nikapaka rangi ya maji ya ukutani, kahawia moja tu isiyong'aa, baada ya kusugua na msasa laini. Macho sikuchora kabisa. Macho yanabadilika kila siku kutokana na kibonzo, kichwa kinabaki vile vile.

Matumizi yake sasa ni haya. Kichwa kimekaa juu ya chupa ya maji iliyokatwa, pale mezani. Nikitaka Bi Tatu ainame kwenye sufuria nakiinamisha, nawasha tochi ya simu kwa chini kama vile mkaa unawaka, naona kivuli cha pua kinapanda kwenye paji la uso, nachora haraka kwa penseli ya bluu, halafu wino juu yake. Tochi ikitoka dirishani ni asubuhi, ikitoka juu ni jua la saa saba kituoni na macho yote yanamezwa na kivuli cha kilemba, hapo unapaka weusi mkubwa mmoja na kibonzo kinapata joto. Hayo ya kupanga weusi nimejifunza kwa Wajapani, manga, yani vibonzo vyao vya vitabu, nyingi ni nyeusi na nyeupe tu kwahiyo weusi wao unafanya kazi ya rangi zote. Umeme ukiwepo namalizia kwenye laptop kwa Krita, ni programu ya bure na inanitosha kabisa, umeme ukikatika naendelea na karatasi na kalamu, napiga picha kwa simu, natuma hivyo hivyo.

Kitu ambacho sikukitegemea ni maneno. Kile kichwa kina uwazi chini, mkono unaingia, na siku moja jioni wapwa zangu wako sebuleni nikakivaa mkononi nikaanza kuwasemesha kwa sauti ya Bi Tatu, nawadai hela ya supu. Walicheka mpaka wakaanza kumjibu yeye, sio mimi. Mi nimekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi, hela yenyewe ya kuingilia tunaungaunga, ndani kuna muvi ya Kichina au Kihindi na sauti ni ya Lufufu, anatafsiri, anaongezea, jambazi wa Hong Kong anatukana kama mtu wa Buguruni. Kenya wana DJ Afro wao. Wale watu walinifundisha kwamba sura ikishapewa sauti ya mtaani inahamia mtaani, na mi kwenye vibonzo nilikuwa namwandikia Bi Tatu maneno ya gazetini. Tangu siku ile kila mstari nautamka kwanza na kichwa mkononi. Nikiona pumzi inakata kabla sentensi haijaisha naipunguza.

Na hilo limenisaidia hata kwenye nafasi, maana maneno yetu ni marefu, mtu akisema "hawajanirudishia" tu puto la maneno limeshajaa na neno lenyewe huwezi kulikata katikati likashuka mstari wa pili, linakuwa baya. Zamani nilikuwa nachora kwanza halafu nabananisha maneno kwenye kona iliyobaki, herufi zinakuwa za sisimizi. Sasa hivi naandika maneno kwanza kwa ukubwa wake halisi, nazungushia puto, halafu Bi Tatu anakaa penye nafasi, na kwa sababu kichwa ninacho naweza kumgeuza upande wowote nafasi inakotaka. Kama puto limechukua juu kushoto, anaangalia chini kulia. Kama limejaa mpaka katikati, anaonekana kisogo tu na kilemba, na watu wanajua ni yeye.

Sasa hivi nipo kwenye mikono. Bi Tatu anaongea kwa mikono kuliko mdomo, ana ule mkono wa kiunoni na ule wa mwiko, na vidole vinene vya trei la mayai vinavunjika vikikauka, kwahiyo ndani yake natia waya mwembamba wa kufungia nondo, unaomba kwa mafundi pale ujenzi unapoendelea wanakupa bure. Mkono wa mwiko umeshakauka, wa kiunoni bado uko kwenye kamba, na mama ameshasema kucha zipakwe hina.