Ni Jumanne tu

Nilizima taa saa nne, nimeiwasha tena saa tano na robo. Kuna neno limenikaa tangu Jumanne, na leo ni Jumamosi. Nisipoliandika sitalala.

Ilikuwa asubuhi, kwenye ngazi za kazini. Mimi napanda na mafaili kifuani na rangi ya bluu machoni, Dada wa Hesabu anashuka. Mnamjua. Ndiye aliyekaa nami siku tatu mfululizo ule mwezi nilipokosea kufunga mahesabu, na hakumwambia mtu. Akasimama ngazi moja juu yangu, akanitazama machoni, akatabasamu.

"Leo una shughuli wapi, mdogo wangu?"

"Sina shughuli, dada. Ni Jumanne tu."

"Aa. Basi sawa."

Akashuka zake.

Ni hayo tu yaliyosemwa. Hamna tusi humo, wala sauti haikupanda. Lakini hiyo "basi sawa" nimeipindua huku na huku kama mtu anayetafuta tundu mfukoni baada ya kudondosha funguo. Kuna basi sawa ya mtu aliyeelewa. Kuna ya mama anayemkatiza mtoto kabla maneno hayajawa mabishano. Na kuna ile ya mtu aliyeona uzi unaning'inia kwenye gauni lako, akaamua si kazi yake kukuambia. Usiku wa Jumanne niliamini ni hiyo ya tatu. Jumatano meneja mpya akaripoti, Alhamisi mkataba wangu ukasainiwa kwa mwaka mwingine na baba watoto akarudi safari salama, na katika yote hayo mimi bado nilikuwa nimesimama ngazini na mafaili yangu.

Nilichokuwa nimepaka ni bluu. Mstari mwembamba chini ya jicho, unaanzia katikati, unakwenda hadi pembe ya nje, unapanda kidogo na kukutana na wanja mweusi wa juu. Mdomoni mafuta basi. Nyusi nilizichana nikaziacha zilivyo. Ni kazi ya dakika saba, lakini Jumapili na Jumatatu usiku nilikuwa nimeirudia mbele ya kioo cha chumbani mpaka mkono ukazoea.

Nilipofika ghorofani nilikwenda moja kwa moja chooni kujitazama. Bluu ilikuwa mahali pake, kingo zimelainika, haijavuja. Nilipendeza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona kwa macho yangu: nilipendeza. Kisha nikachukua karatasi, nikailowesha, nikaifuta. Jicho la kushoto kwanza. Haikutoka yote. Ikabaki kama kivuli cha kijivu, kama mtu aliyekosa usingizi, na nikafanya kazi na kivuli hicho hadi jioni. Ndicho kinachoniuma kuliko maneno ya mtu yeyote.

Wageni wa humu hawawezi kujua bluu ile ilinigharimu nini, na sisemi pesa. Pesa ilikuwa ndogo. Ni ile paleti, kasha la rangi kumi na mbili za macho, niliyowaonyesha mwezi uliopita, ya bei ya chini kuliko zote dukani, ambayo mfuniko wake hutoka ukiufungua kwa haraka. Wiki ya kwanza karibu niigawe. Nilianza na kijani. Nikachovya brashi, nikapaka kope la juu, nikageuka, na binti yangu mkubwa akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, umeingiwa na jivu?" Nilikuwa nimepauka kweli. Ndani ya paleti kijani kile kilikuwa kama jani baada ya mvua, kwenye kope langu kikawa vumbi.

Sikutaka kukubali kwamba rangi si za ngozi yangu. Hayo tumeambiwa sana, kwa mdomo na kwa rafu za dukani, ambako fandesheni, zile rangi za kupaka uso mzima, zilikuwa zinaishia kabla hazijafika kwenye weusi wetu. Fenty Beauty, vipodozi vya Rihanna, walipotoka mwaka 2017 na fandesheni za rangi 40, wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza kwamba haikuwa lazima iwe hivyo, na leo konsila yangu, ile krimu ya kufunika madoa, inayolingana nami sawasawa ni ya kampuni ya bei rahisi. Kwa hiyo nilikaa na boksi la paleti nikasoma mgongo wake, yale maandishi madogo ambayo mtu huyatupa.

Huko ndiko mambo yalipo. Rangi zimeandikwa kwa namba. 77891 ni titaniamu dioksaidi, unga mweupe pee. Juu yake ipo talki, nayo nyeupe. Paleti ya bei ya chini mara nyingi hutumia nyingi ya hizo kujaza kishimo, na rangi yenyewe ikawa kidogo. Kwenye ngozi nyeupe weupe huo haujitangazi. Kwenye ngozi yangu hukaa juu kama ukungu, ndiyo jivu aliloliona mwanangu. Halafu zipo 77491, 77492 na 77499, oksaidi za chuma, ndugu wa kutu: nyekundu, njano na nyeusi. Hizo ndizo zinazofanya kahawia na rangi za udongo za paleti yoyote zikolee hata kama ni ya bei ya kutupa. Mtu mwenye pesa kidogo na aanzie hapo, atafurahi siku ya kwanza.

Mimi nilitaka bluu. Namba yake ni 77007, ultramarini. Nilipoisoma nilikaa kimya kidogo. Karne nyingi rangi hiyo ilitoka kwenye jiwe la lapis lazuli, lililochimbwa milima ya Badakhshan huko Afghanistan, na ilikuwa ghali mno hivi kwamba wachoraji wa Ulaya waliitunza kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet akapewa zawadi kwa kupata njia ya kuitengeneza, na kinachoingia humo ni vitu vya kawaida kabisa: udongo mweupe, salfa, magadi, na moto mkali. Ndiyo maana leo imo kwenye kasha la plastiki mkononi mwangu. Miaka karibu mia mbili imepita tangu rangi hii iache kuwa ya wachache, nami nikaifuta kwa karatasi ya chooni kwa sababu haikuwa siku ya shughuli.

Leo asubuhi sikwenda popote. Watoto walikuwa bado wamelala. Nikasogeza kiti dirishani, maana mwanga wa balbu hudanganya, nikakichukua kijani kile kile cha jivu.

Nieleze taratibu, kuna watakaotaka kujaribu. Macho kwanza, fandesheni baadaye, kwa sababu unga wa bei rahisi hupukutika na ukianguka kwenye shavu lililokwisha pakwa hautoki bila kuharibu. Konsila kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili, iliyotandazwa kwa kidole mpaka isionekane. Ikiwa nyingi itajikusanya kwenye mkunjo kabla ya saa sita. Kisha wanja wa penseli mweusi, nikausugua kwa kidole ukiwa bado laini, ukawa moshi mwembamba tu. Hiyo ndiyo siri niliyoihangaikia wiki tatu: rangi nyepesi ikikaa juu ya kitu cheusi chenye mafuta kidogo inashikwa, na ule weupe wa talki unapoteza nguvu. Halafu brashi nikaiweka kando. Brashi hufagia, na ukifagia unga huu unaondoka nao. Nilitumia kidole cha pete, kwa kuwa ndicho dhaifu, nikagonga-gonga. Tabaka la kwanza, nikasubiri. La pili. Kwenye la tatu nilitilia tone la maji kwenye ncha ya kidole.

Na kikaja. Kijani kikaja juu ya ngozi yangu kilivyo kwenye kishimo chake, kimekolea, kinawaka kidogo pale maika, ule unga unaometa, inapokutana na mwanga wa dirishani kila nikipepesa. Wamisri wa kale walisaga jiwe la kijani la malakiti juu ya vibao vya mawe wakajipaka machoni, na nimeelewa kwa nini mtu atumie asubuhi yake kusaga jiwe. Nilikaa pale nikijitazama hadi wa mwisho akaamka akaja kunilalia mapajani. Hakusema kitu kuhusu rangi. Aligusa kope langu kwa kidole kimoja, akakitazama kidole, akakipaka kwenye goti lake.

Nilikuwa nimetulia hivyo, na ndipo mazungumzo ya ngazini yaliporudi, ila safari hii nilisikia sauti yangu badala ya yake. "Ni Jumanne tu." Siku nne nimeichunguza basi sawa ya mtu mwingine, wakati lililonichoma ni hilo "tu" nililolitia mimi. Yeye aliuliza swali la kawaida, ambalo mtu yeyote angeuliza. Mimi ndiye niliyejibu kana kwamba nimekamatwa na kitu cha mtu. Nikamwomba radhi kwa siku yenyewe. Ningesema "Ni Jumanne, dada," nikaishia hapo, angejibu nini? Labda angejibu vilevile, aa, basi sawa, na mimi ningepanda ngazi zangu na bluu yangu hadi jioni.

Dada wa Hesabu hupaka mdomo zambarau iliyoiva, kila siku, miaka yote niliyomfahamu. Haijanijia hata mara moja kumwuliza ana shughuli wapi. Sitamwuliza alimaanisha nini. Kwanza ameshasahau. Pili, nikipata jibu lake nitaliweka mahali pa jibu langu, nami nataka langu.

Jumatatu nitavaa kijani. Nimeshaamua na koti, lile la rangi ya udongo, ili macho yasemee peke yake. Jumanne bluu irudi. Ile waridi kali iliyo pembeni ya paleti sitaipaka machoni hata kidogo, msiniulize tena. Nyuma ya boksi wameandika isitumike karibu na jicho, na onyo hilo mtalikuta kwenye waridi na nyekundu nyingi kali. Hiyo nitaijaribu shavuni, baada ya kuipaka nyuma ya kiwiko na kuiacha siku nzima nione kama ngozi itawasha. Na aliyeniuliza kuhusu maskara yake ya mwaka jana: itupe, ndugu yangu, hata kama bado ina unyevu. Angalia kile kikopo kidogo kilichochorwa kwenye chupa, mfuniko wake ukiwa wazi, chenye namba na herufi M. Hiyo ni miezi baada ya kufungua, na kwa maskara mimi siipeleki zaidi ya mitatu.

Nilidhani nikifika hapa nitasinzia. Kumbe kuna jingine. Wa mwisho leo mchana alikuwa anafanya kazi yake ya shule mezani, na nikaona daftari limefika karibu kabisa na pua. Nikamwambia akae vizuri. Akakaa. Baada ya dakika mbili pua ikarudi pale pale. Nikasimama mlangoni nikamwonyesha kalenda iliyo ukutani, nikamwuliza leo ni tarehe ngapi. Akakunja macho, akacheka, akasema, "Mama, isogeze."